Acheni kuwaambia watu waruke ile ya 2003

Jumamosi usiku binamu yangu, mtoto wa mama mdogo, aliuliza kwenye grupu: "Wakuu, nataka kuanza Fullmetal Alchemist. Nianzie wapi?" Kwa usiyeijua: ni manga, yaani katuni ya Kijapani ya vitabuni, ya ndugu wawili, Ed na Al, waliojaribu kumfufua mama yao kwa alkemia, ufundi wa kugeuza kitu kuwa kingine, na Al akapoteza mwili wake. Imefanywa anime, katuni ya kutazama, mara mbili: ya 2003, na Brotherhood ya 2009. Kabla sijamaliza kula majibu yalishafika 18, na yote wimbo mmoja: anza na Brotherhood, ile ya 2003 ruka. Mmoja akaongeza kwamba ile ya kwanza "waliiharibu". Mwingine, ambaye mwaka jana aliniambia kwa mdomo wake kwamba hajawahi kuitazama, akaandika kuwa ni ya kupoteza muda.

Jibu la 19 lilikuwa langu. Likawa refu mno kwa grupu, nimelileta huku. Nimeshamwomba binamu asisome hapa mpaka amalize kutazama, maana nitataja nani anakufa na nani ni nani. Nawe kama hujatazama, ishia hapa, utarudi.

Kwanza hili neno "waliiharibu". Hiromu Arakawa alianza kuichora hadithi hii mwaka 2001, katika jarida la Monthly Shōnen Gangan. Studio ya Bones ilipoanza kurusha anime, Oktoba 2003, manga ilikuwa na umri wa miaka miwili na kidogo. Mwisho wake ulikuwa bado mbali sana. Arakawa aliweka kalamu chini mwaka 2010, juzuu 27. Sasa watu wa Bones wangefanya nini? Wangeweza kujaza episodi za kuzungukazunguka huku wakimsubiri mwandishi, kama tulivyozoea kufanyiwa na anime nyingine, mpaka mtu unasahau shujaa alikuwa anaelekea wapi. Hawakufanya hivyo. Mwongozaji Seiji Mizushima na mwandishi mkuu Shō Aikawa walichukua mbegu alizopanda Arakawa wakaotesha mti wao.

Na mwenye mbegu alikubali. Alifanya zaidi ya kukubali: Arakawa mwenyewe ndiye aliyeomba mwisho wa anime usifanane na wa manga. Baadaye alieleza alivyofurahia kuona jinsi timu ile ilivyokisia asili ya homunkulusi, wale viumbe wa kutengenezwa wenye sura ya watu, kwa njia yao. Mwenye hadithi yake ameridhika, halafu sisi, miaka 20 na zaidi baadaye, tunakaa mtandaoni kumlindia hadithi dhidi ya watu aliowapa ruhusa. Hilo linaniudhi kuliko yote.

Bibi yangu alikuwa na hadithi ya mtoto aliyesahau kigoda chake mtoni akakirudia. Kwa bibi, zimwi lilimtia ndani ya ngoma na likaenda naye kijiji kwa kijiji, mpaka mama yake akaitambua sauti. Shangazi alipoisimulia, mama hakuitambua sauti. Ngoma ilipita mlangoni, mama akacheza, akalipa, ikaenda. Tulilia usiku ule, na tulizipenda zote mbili. Hakuna aliyesimama kumwambia shangazi kwamba ameiharibu. Tukisema "pakawa" tulikuwa tunajua kwamba anayesimulia leo ndiye mwenye hadithi leo. Sijui tulipoteza wapi uungwana huo, mpaka tukaanza kuipima anime kwa rula, ukurasa kwa ukurasa, kana kwamba kazi yake ni kunakili.

Halafu kuna jambo ambalo mashabiki wa "ruka" hawamwambii mgeni. Brotherhood ilianza Aprili 2009, studio ileile, miaka minne na nusu tu baada ya ile ya kwanza kumalizika. Mwongozaji sasa ni Yasuhiro Irie, na safari hii wanafuata manga. Walijua kwamba mtazamaji wao ameshawaona Ed na Al, ameshalia na Nina, yule binti mdogo wa Tucker, ameshamzika Hughes, yule mwanajeshi rafiki yao. Ndiyo maana mwanzo wake unakimbia. Nina Tucker anaingia na kutoka katika episodi ya 4. Maes Hughes anauawa katika ya 10. Mgodi wa Youswell, ambao 2003 ni kisa kamili chenye wachimbaji, njaa na udhalimu wa Yoki, umebaki kumbukumbu ya haraka anayoisimulia Yoki mwenyewe.

Katika ya 2003, Ed na Al wanakaa kwa akina Tucker. Wanaishi pale wakati Ed anasomea mtihani wa kuwa mwalkemia wa serikali. Wanacheza na Nina na mbwa wake theluji ikianguka. Katika siku hizohizo wanakwenda nyumbani kwa Hughes, na mke wake anashikwa na uchungu wao wakiwa humo ndani, siku ya kuzaliwa ya Ed. Kwa hiyo Elicia, yule mtoto wa Hughes, tunamjua tangu dakika yake ya kwanza duniani. Tunamwona baba yake akihangaika. Tunaziona zile picha anazomwonyesha kila mtu, awe anataka au hataki. Ikija episodi ya 25, na yule mtoto amesimama kaburini anauliza kwa nini wanamfukia baba, ana kazi nyingi, akifukiwa hataweza kuzifanya, wewe unayetazama umebeba miaka yake yote kifuani. Kisha Mustang, rafiki yake wa jeshini, anasema mvua inanyesha, na hakuna mvua.

Brotherhood ina tukio hilohilo, maneno yaleyale, na limefanywa vizuri. Lakini Hughes wa episodi ya 10 ni mtu uliyekutana naye mara chache. Watu wanaosema tukio lile la Brotherhood liliwaliza, wengi wao walikuwa wanamlilia Hughes wa 2003 bila kujua.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike. Nimekisogelea polepole kwa sababu si chepesi kwangu.

Mama yetu alifariki nikiwa kidato cha pili, mdogo wangu akiwa darasa la nne. Tulikuwa tunaishi Morogoro. Siku ya pili baada ya kuvunja matanga alikuja mzee mmoja wa mtaa wa juu, akakaa na baba sebuleni, akasema kwa sauti ya chini: mkeo hajafa. Mliyemzika ni mgomba. Yeye kachukuliwa msukule, na yupo mtu anayeweza kumrudisha, ila ana gharama zake. Baba alisimama akamfungulia mlango bila kujibu neno. Sisi wawili tulikuwa nyuma ya pazia, na tulisikia kila kitu.

Mdogo wangu alikuwa na kopo la sarafu. Tulizimwaga kitandani tukahesabu, nikaongeza nauli yangu ya shule ya wiki nzima, ikafika shilingi 6,400. Tukaenda kwa yule mtu. Alizipokea. Alipokea hela za watoto wawili waliovaa sare za shule, akatuambia turudi na kuku mweusi asiye na doa pamoja na kanga ya mama ambayo haijafuliwa. Kanga tulikuwa nayo. Nilikuwa nalala nayo. Kuku ndiye aliyetushinda. Shangazi alitukuta uani kwa jirani tunamfukuza kuku wa watu, tumelowa jasho.

Hakutupiga. Alituketisha jikoni, tukamweleza, akakaa kimya kitambo. Kisha akauliza: "Na akirudi hivyo, hasemi, hawajui majina yenu, anawaangalia tu, mtafanya naye nini?" Hatukuwa na jibu. Aliosha vyombo vyote vilivyokuwa pale, hata visafi, akatupeleka kulala.

Miaka saba baadaye nilikuwa chuo, mdogo wangu kaja likizo, na tulikuwa na kompyuta ya kuazima yenye episodi 51. Mapema kabisa Ed anataja vitu vinavyounda mwili wa mtu mzima: maji lita 35, kaboni kilo 20, amonia lita 4, chokaa kilo moja na nusu, fosforasi gramu 800, chumvi gramu 250, na vingine vidogovidogo. Anasema hivyo vyote mtoto anaweza kuvinunua sokoni kwa hela yake ya matumizi. Mdogo wangu aliinuka akatoka nje. Nilisimamisha picha nikamfuata. Tulikaa kibarazani bila kusema chochote kuhusu kopo wala kuku, na hatukuwa tumewahi kulisema kwa miaka yote ile.

Tulirudi ndani tukaendelea. Katika ya 2003, homunkulusi hawakuzaliwa na mtu mmoja mwovu aliyekaa chini ya ardhi, kama ilivyo katika manga. Kila mmoja ametokana na jaribio la mtu fulani la kumrudisha marehemu. Wrath ni mtoto wa mwalimu wao, Izumi, aliyefariki akizaliwa. Lust ni mwanamke aliyependwa na kaka yake Scar, yule muuaji wa waalkemia. Na Sloth, yule anayejiita Juliet Douglas, katibu wa Führer, mtawala wa nchi, anayepita korido na mafaili mkononi na nywele zake nadhifu, ni Trisha Elric. Ni mama yao. Ni kile kitu walichokitengeneza usiku ule kwenye ghorofa ya chini, ambacho walidhani kimekufa palepale. Hakikufa. Kiliokotwa, kikalishwa, kikakua mpaka kikapata sura yake.

Ana kumbukumbu za Trisha. Anakumbuka watoto wawili. Lakini hataki kuwa mama yao, na kumbukumbu zile zinamuumiza, anataka kuwaua ili zinyamaze. Nao inawalazimu kumpiga vita mtu mwenye uso wa mama. Al anashindwa, anamwona mama tu. Ed ndiye anayemaliza kazi, anaugeuza mwili wake wa maji kuwa spiriti, na yeye anayeyuka hewani kama mvuke. Ed amemfanyia mama yake mazishi ya pili, kwa mkono wake.

Swali la shangazi. Mtafanya naye nini.

Sijaona hadithi nyingine, ya kuchora wala ya kuandika, iliyolichukua swali lile kwa uzito namna hiyo. Watu wa Bones walikaa mezani Tokyo wakajiuliza: hawa watoto walijaribu kumfufua mama yao wakashindwa, je, kile walichokitengeneza kilikwenda wapi? Nani atakibeba? Na wakakataa kuwapa watoto njia ya kutokea.

Katika manga, na katika Brotherhood, Ed anakwenda kufukua kile walichokizika. Mvua inamnyeshea, anatapika, nyanya Pinako yupo naye. Anakuta nywele si za mama, mifupa haina vipimo vya mama. Hakuwa yeye. Hawakumrudisha mama ili afe mara ya pili mikononi mwao, na hawakuwa na uwezo wa kumrudisha hata kidogo. Ed anacheka, mzigo umeshuka. Anamweleza Izumi, naye anapata pumzi aliyokuwa hana kwa miaka. Ni sura nzuri sana, inatoa msamaha, na kuna siku ninaihitaji hiyo kuliko ile nyingine. Baada ya kifo cha baba niliirudia mara tatu.

Lakini ni majibu mawili tofauti kwa msiba mmoja. Moja linasema: hukuweza, pumzika. Jingine linasema: ulifanya, kiangalie usoni. Mtu aliyefiwa huwa anayahitaji yote mawili, kwa nyakati tofauti, na ndiyo maana siwezi kunyamaza nikisikia mtu anamwambia kijana wa miaka 17 aliyefiwa na baba yake mwaka jana kwamba moja kati ya hayo ni la kupoteza muda. Ndiyo, binamu yangu kafiwa. Nusu ya grupu walikuwepo msibani.

Haya, nikubali ninayopaswa kukubali, maana nitaletewa tu.

Walichomfanyia Rose, msichana ambaye Ed na Al wanakutana naye mapema safarini, katika 2003 sikitetei. Anadhalilishwa na askari, anapoteza sauti, anapewa mtoto, kisha hadithi inamtumia kama pambo la huzuni. Arakawa hakumfanyia hivyo mwanamke yeyote, na wanawake wake ni watu kamili: Izumi, Hawkeye, na Olivier Armstrong pale ngome ya Briggs, ambaye 2003 hayupo kabisa. Hohenheim wa manga, baba yao Ed na Al, yule mtumwa wa Xerxes aliyeitwa kwa namba 23, ana kina ambacho baba wa 2003 hana. Ling na wenzake wa nchi ya Xing wanakosekana, na pengo lao linaonekana. Mapigano ya Brotherhood ni makali zaidi. Yule askari Frank Archer nusu mtu nusu mashine, hapana. Na Ed kutokea London ya dunia yetu hii, angani kuna ndege za puto zinadondosha mabomu, ndiyo, inashtua, wengine hawakuipenda na siwalazimishi. Filamu ya 2005 ikaipeleka mbali zaidi, mpaka Munich ya 1923, na hapo hata mimi nilipotea kidogo. Zile filamu za waigizaji wa kweli, ya 2017 na mbili za 2022, sina la kusema.

Brotherhood ilikaa kileleni mwa orodha za mashabiki miaka na miaka, na kama kipimo ni hadithi kubwa iliyofungwa vizuri kila uzi, ilistahili. Nimeyasema. Hakuna hata moja kati ya hayo linalofika kwenye neno "ruka".

Nije kwenye ile kanuni ya alkemia katika hadithi hii, kwa sababu hapo pia watu hawasikilizi. Kila mtu anaijua: huwezi kupata kitu bila kutoa kitu chenye thamani sawa. Arakawa aliitoa nyumbani. Wazazi wake walikuwa na shamba Hokkaido, ukifanya kazi unakula, na yeye mwenyewe alifanya kazi shambani miaka saba baada ya shule kabla ya kwenda Tokyo kuchora. Anaijua kanuni kwa mikono yake, na ndiyo maana mwisho wa manga anaipanua kwa ukarimu: ukipewa kumi, ongeza moja lako, mpe mwingine kumi na moja. Mkulima ndivyo anavyowaza. Hurudishi mbegu ileile.

Ile ya 2003 inafanya kitu cha kutisha zaidi. Mwishoni Dante, adui mkuu, anamwambia Ed usoni kwamba kanuni ni uongo. Anamkumbusha mtihani: wengi walisoma, wengi walijinyima, aliyepita ni mmoja. Jasho la wale wengine lilinunua nini? Nilipoitazama matokeo yangu ya kidato cha sita yalikuwa bado yananiuma, na rafiki yangu niliyekuwa nikisoma naye kwa taa moja mpaka saa nane usiku alikuwa kakosa chuo. Nilijua Dante ni mwovu, nikajua pia anachosema nimekiona kwa macho. Kile kisauti cha Al kinachofungua episodi nyingi, kikisema kwamba wakati ule tuliamini hiyo ndiyo kweli ya dunia, kumbe tangu mwanzo kilikuwa kinatuonya. "Wakati ule tuliamini." Tumekisikia mara nyingi hatukukisikia. Mwishoni kinarudi, na sasa Al anasema dunia haijakamilika, kanuni haitoshi kueleza yote yanayotokea, na bado anaamini kwamba watu hawaachi kujitahidi bure. Ed amejitoa, Al amerudishwa katika mwili wa mtoto wa miaka 10, na ile miaka minne ya safari yao haikumbuki. Kaka yake yuko dunia nyingine. Hakuna hesabu inayofunga pale. Kila mmoja amelipa kila alichokuwa nacho, na hawakupata kuishi pamoja.

Mtu akisema mwisho huo unauma, kweli, unauma. Akisema ni mbaya kwa sababu unauma, hapo sikubaliani naye.

Mpangilio wangu kwa anayeanza ni huu: episodi 51 za 2003 kwanza, zote, kwa utulivu, msizimeze kwa wikiendi moja. Mpumzike mwezi. Kisha Brotherhood, 64. Ukipita kwa njia hiyo, kila pale Brotherhood inapokimbia utakuwa na kumbukumbu ya kujazia, na Ed akifukua lile kaburi kwenye mvua utakuwa na sababu mbili za kulia badala ya moja. Kisha soma manga, uone mkono wa Arakawa mwenyewe, na ucheshi wake ambao anime zote mbili zimeupunguza.

Jumapili nilimpelekea binamu flashi. Brotherhood nimeiweka kwenye folda ya pili. Mama mdogo aliniandalia chai na maandazi, akaniuliza hiki mnachoangalia ni katuni gani tena, nikamwambia ni ya watoto wawili waliofiwa. Akasema, "Basi akimaliza nami nitaiangalia."

Jana usiku binamu kanitumia ujumbe: "Kaka, huyu Hughes na picha za mwanawe nampenda balaa." Nikamuuliza amefika ya ngapi.

Ya 22.